Mahakama ya tiba kwa familia: maswali ya wazazi wanaojinasua na uraibu

Maswali haya nimeulizwa na wazazi kwenye mabenchi ya nje ya chumba cha mahakama, mara nyingi kwa sauti ya chini, dakika chache kabla jina halijaitwa. Kazi yangu ni kuwasindikiza na kukaa nao. Majibu yanahusu zaidi Marekani, ambako mahakama hizi zilianza na ambako zipo nyingi. Pale ninapogusa Uingereza nimesema. Sheria za majimbo hazifanani, kwa hiyo katika jambo la kesi yako mwenyewe, wa kumsikiliza ni wakili wako.

Mahakama hii ni ipi, na inatofautianaje na ile ya kawaida?

Ni mahakama ileile ya watoto, ila imepangwa upya kwa ajili ya familia ambazo mtoto ameondolewa nyumbani, au anakaribia kuondolewa, kwa sababu mzazi anatumia pombe au dawa za kulevya. Katika mahakama ya kawaida unaweza kukaa miezi bila kumwona jaji. Hapa unamwona kila wiki au kila wiki mbili, jaji yuleyule, anayekujua kwa jina na anayekumbuka kwamba wiki iliyopita mwanao alikuwa na homa. Mezani wapo wakili wako, wakili wa mtoto, afisa wa ustawi wa watoto na mtaalamu wa tiba ya uraibu, na kwa kawaida wameshakaa pamoja kuzungumzia familia yako kabla hujaingia.

Si kesi ya jinai. Kinachoamuliwa ni mtoto ataishi na nani, na lini. Kama una kesi ya jinai pembeni, hiyo inakwenda kivyake, na ndiyo sababu wakili wako anatakiwa kuzijua zote mbili.

Mahakama ya kwanza ya dawa za kulevya ilifunguliwa Miami mwaka 1989, kwa washtakiwa watu wazima. Katikati ya miaka ya 1990, Reno katika jimbo la Nevada ikauchukua mtindo huo na kuupeleka kwenye kesi za watoto. London ilianza yake 2008, mwanzilishi wake akiwa jaji Nicholas Crichton, aliyekuwa amechoka kumwona mama yuleyule akirudi mbele yake na mtoto mwingine, na mwingine tena, wote wakichukuliwa mmoja baada ya mwingine bila mtu kugusa chanzo. Melbourne ikafuata 2014.

Ni lazima nijiunge?

Hapana. Kwa kawaida unajiunga kwa hiari, na ukikataa kesi yako inaendelea kwa njia ya kawaida. Kabla ya kutia saini, uliza programu inachukua muda gani, vipimo ni mara ngapi kwa wiki, na nini kitatokea ukijitoa katikati. Usitie saini siku hiyohiyo kama hujalala au una arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa. Omba siku chache. Ombi hilo ni la haki kabisa.

Kiwewe kina uhusiano gani na dawa za kulevya? Mimi nilianza tu kwa sababu ya marafiki.

Inawezekana. Lakini wengi ninaokaa nao, wakishatulia, wanasema jambo jingine: kwamba mara ya kwanza walipotumia, kwa mara ya kwanza baada ya miaka walilala usiku mzima. Kiwewe ni kile kinachobaki mwilini baada ya tukio lililomzidi mtu nguvu. Inaweza kuwa kupigwa, kubakwa, vita, kufiwa ghafla, au kulelewa katika nyumba ambayo hukujua jioni baba atarudi akiwa mtu gani. Tukio limepita, lakini mwili bado unalilinda lango.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda na wenzao walitoa matokeo ya kwanza ya utafiti uliofanyika San Diego, ambao kwa jumla yake uliwafikia watu zaidi ya 17,000. Waliwauliza kuhusu mateso ya utotoni: kupigwa, kudhalilishwa kingono, mzazi mlevi, mzazi aliyefungwa, mama kupigwa mbele ya watoto. Kadiri aina za mateso zilivyoongezeka, ndivyo uwezekano wa ulevi na matumizi ya dawa za kulevya ukubwani ulivyopanda. Wapo waliopitia yote hayo wasiguse hata sigara, kwa hiyo usiyachukue kama kauli ya majaliwa. Yachukue kama maelezo ya kwa nini kukwambia "acha tu" hakujawahi kutosha.

Kwa mahakama, jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu mwili wenye kiwewe hufanya mambo ambayo jaji asiyejua huyasoma vibaya. Mzazi anachelewa kwa sababu alikaa dakika arobaini kwenye gari akishindwa kufungua mlango. Anajibu kwa mkato. Anasahau tarehe. Anacheka mahali pasipo pa kucheka. Katika faili yote hayo huandikwa kwa neno moja: hatoi ushirikiano.

Mama mmoja aliniruhusu nisimulie haya. Katika mahakama yake ya kwanza, askari wa mahakama alikuwa akisimama nyuma ya kiti chake, funguo zikining'inia kiunoni. Kila askari alipojisogeza, funguo zililia, na kila zilipolia mama huyu alikuwa anapotea: macho yanaganda, swali la jaji linampita. Mwanamume aliyemtesa miaka sita alikuwa mlinzi. Sauti ya funguo mlangoni ndiyo iliyokuwa saa yake ya kuanza kutetemeka. Kesi ilipohamishiwa mahakama ya tiba, mshauri wake alimweleza jaji jambo moja tu, kwamba mama huyu hawezi kuwa na mtu nyuma yake. Askari akahamia ukutani, mahali anapoonekana. Jaji akawa anaanza hivi: "Leo tutakaa dakika kumi. Kwanza nitamsikiliza afisa, halafu wewe, halafu nitasema uamuzi wangu." Hakuna sheria iliyobadilishwa wala shilingi iliyotumika. Mama akaanza kujibu maswali.

Mahakama inajuaje kuyafanya haya? Si inategemea tu moyo wa jaji?

Moyo wa jaji unahesabika, sitakuficha. Lakini upo mwongozo. Mwaka 2014 SAMHSA, idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia afya ya akili na uraibu, ilitoa waraka unaotumika sana hadi leo. Unazitaka taasisi zijue kwamba kiwewe kimeenea, zizitambue dalili zake, zibadili taratibu zao kufuatana na ujuzi huo, na zijihadhari zisimtoneshe mtu kidonda kilekile. La mwisho ndilo gumu kuliko yote mahakamani, kwa sababu mahakama yenyewe imejengwa kwa mamlaka: mtu mmoja ameketi juu, mwingine amesimama chini, na aliye juu anaweza kukuchukulia mtoto.

Waraka huo unazungumzia pia majeraha ya kihistoria, na hapo Marekani ina deni kubwa kwa wazawa wake wa makabila ya asili, ambao watoto wao walichukuliwa kwa vizazi na kupelekwa shule za bweni ili wasahau lugha na mila zao. Ndiyo maana kuna sheria ya 1978 inayolinda watoto wa makabila hayo wasitenganishwe ovyo na jamaa zao. Mahakama ya Juu ya nchi iliithibitisha 2023. Kama wewe au mzazi wa pili wa mtoto ana asili hiyo, sema siku ya kwanza. Kiwango cha jitihada ambazo serikali inapaswa kufanya hupanda.

Basi ni mahakama ya kubembeleza?

Hapana, na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu nimeona wazazi wakiumia kwa kulielewa vibaya. Jaji anaweza kukuuliza umelalaje, akakupigia makofi kwa siku thelathini bila kutumia, na bado kalenda ikawa inasonga kuelekea siku ya kukatwa kwa haki zako za uzazi, yaani haki zako kama mzazi wa mtoto huyo.

Sheria ya shirikisho ya 1997 inataka kikao cha kuamua makazi ya kudumu ya mtoto kifanyike ndani ya miezi 12 tangu aingie kwenye malezi ya serikali. Na mtoto akikaa huko miezi 15 kati ya 22 ya karibuni, serikali kwa kawaida inatakiwa kufungua ombi la kukata haki za uzazi. Uingereza ni kali zaidi: tangu 2014 kesi za namna hii zinatakiwa kuisha ndani ya wiki 26, ingawa jaji anaweza kuongeza muda pale haki ya mtoto inapodai.

Sasa weka hayo kando ya ukweli wa uraibu. Miezi ya kwanza ya kuacha ubongo bado uko kwenye ukungu: usingizi hauji, hasira iko karibu, kumbukumbu inateleza. Kiwewe nacho, dawa ikishaondoka, ndipo kinapoamka, kwa sababu ile dawa ndiyo iliyokuwa blanketi lake. Kwa hiyo mzazi anatakiwa kufanya kazi ngumu kuliko zote za maisha yake katika kipindi ambacho kichwa chake kina nguvu ndogo kuliko wakati wowote. Na mtoto naye ana saa yake. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, miezi sita ni theluthi ya umri wake wote duniani. Anajifunza kutembea kwenye sakafu ya nyumba ya watu wengine.

Saa hizo tatu, ya sheria, ya kupona na ya mtoto, hazitalingana. Faida kubwa ya mahakama ya tiba, kwa maoni yangu, ni kwamba haipotezi wiki: rufaa ya matibabu inatolewa siku zilezile za mwanzo, na tatizo la usafiri linatatuliwa wiki hii badala ya kugunduliwa kwenye kikao cha baada ya miezi sita.

Zipo njia za sheria za kuzuia lile ombi la miezi 15. Serikali inaweza kuacha kulifungua kama mtoto analelewa na ndugu, kama kuna sababu nzito iliyoandikwa kwenye faili kwamba kukata haki si kwa faida ya mtoto, au kama serikali yenyewe haikukupa huduma ilizokuahidi. Neno la kushika hapo ni "iliyoandikwa". Kama ulikaa wiki tisa ukisubiri nafasi ya matibabu, hakikisha wakili anaiingiza kwenye kumbukumbu sasa hivi. Na hata ombi likifunguliwa, Mahakama ya Juu iliamua 1982 kwamba serikali lazima ithibitishe madai yake kwa ushahidi ulio wazi na wa kushawishi. Kuonekana tu kwamba mlezi mwingine ana nyumba nzuri zaidi hakutoshi.

Nikieleza yaliyonipata, si yatageuzwa silaha dhidi yangu?

Hofu hii ni ya busara, usiionee haya.

Kwanza, hutakiwi kusimulia kisa chako mbele ya chumba. Mahakama inayoelewa kazi yake haiulizi "alikufanya nini?" Inatosha ijue kwamba kuna jeraha na kwamba linahitaji tiba. Maelezo yanabaki kati yako na mtaalamu, tena kwa kasi yako. Ukiona mtu anakuhimiza ueleze kwa kina hadharani, una haki ya kusema: "Mheshimiwa, hilo nalizungumza na mshauri wangu."

Pili, kumbukumbu za matibabu ya uraibu zina ulinzi wa sheria ya shirikisho ulio mkali kuliko wa kumbukumbu nyingi za hospitali. Ili kituo kiipe mahakama taarifa, kwa kawaida utaombwa kutia saini ya ridhaa. Isome. Inapaswa kutaja nani atapata taarifa, taarifa gani, na hadi lini. Ripoti ya kutosha kwa mahakama ni mahudhurio, matokeo ya vipimo, hatua uliyofikia na kinachohitajika. Yale uliyolia nayo kwenye kikao cha ushauri hayana kazi kwenye ripoti.

Tatu, kuna mpaka. Mshauri akisikia kwamba mtoto anaumizwa au yuko hatarini, sheria inamlazimu kutoa taarifa. Mshauri mwaminifu anakwambia hivyo kabla hujaanza kuongea.

Na kama aliyekuumiza ni mzazi wa pili na naye yumo kwenye kesi hiyohiyo, mwambie wakili kabla ya kikao chochote. Mnaweza kupangiwa saa tofauti, vikundi tofauti vya tiba, na anwani yako ikafichwa. Kukaa naye mezani mkijadili "malezi ya pamoja" si lazima, na mahali pengine ni hatari.

Vipimo vya mkojo: ni lazima mtu anitazame?

Swali hili huulizwa na wanawake wengi, na wanaume wachache ambao nadhani huwagharimu zaidi kuliuliza.

Vipimo vinafanywa bila taarifa, mara nyingi zaidi ya mara moja kwa wiki, na mahakama inataka kuhakikisha mkojo ni wako. Kwa mtu aliyewahi kudhalilishwa, kuvua nguo huku mgeni akimtazama ni kama kurudishwa kwenye chumba kilekile. Wapo wanaoshindwa kabisa kutoa hata tone; kikombe kinarudi kikavu, na katika mahakama nyingi kushindwa kutoa sampuli huhesabiwa sawa na kuonekana una dawa mwilini. Mzazi msafi anaandikiwa kosa kwa sababu misuli imegoma.

Sema mapema, kabla ya kipimo cha kwanza. Omba mhudumu wa jinsia unayoona ina usalama. Omba akueleze kila hatua kabla ya kuifanya. Uliza kama kuna njia nyingine: mate, nywele, au kiraka kinachobandikwa kwenye ngozi kukusanya jasho. Kila njia ina dosari yake. Mate yanaonyesha siku chache tu za karibuni, nywele zinaonyesha miezi lakini si wiki iliyopita, hivyo mahakama haiwezi kukubali kila ombi. Lakini ombi lenye barua ya mshauri lina nguvu kuliko malalamiko ya baada ya kikombe kikavu.

Kuna kipimo cha pombe kwenye mkojo chenye uwezo wa kuona alama zake siku kadhaa baada ya kunywa, na ni chepesi kiasi kwamba dawa za kusukutua mdomo, baadhi ya dawa za kikohozi na hata vitakasa mikono vya pombe vinaweza kukuletea mashaka. Viepuke. Mbegu za mpopi kwenye mikate nazo zinaweza kuonyesha afyuni. Na bangi, kwa mtu aliyetumia kila siku kwa muda mrefu, inaweza kuendelea kuonekana kwa wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa sababu hukaa kwenye mafuta ya mwili. Ukiona matokeo usiyoyaelewa, omba sampuli ithibitishwe na maabara kabla uamuzi haujatolewa.

Ninatumia methadoni. Nitaambiwa niache ili nirudishiwe mtoto?

Hupaswi kuambiwa hivyo. Methadoni na buprenofini ni tiba ya uraibu wa heroini na jamii yake. Anayezitumia kwa maelekezo ya daktari ni mgonjwa aliye kwenye matibabu. Aprili 2022 Wizara ya Sheria ya Marekani iliandika wazi kwamba kumbagua mtu kwa sababu ya dawa hizo kunaweza kuvunja sheria ya 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, na mahakama zimo.

Nakusihi jambo hili moja: usiache methadoni kwa kukata ghafla ili kumfurahisha mtu yeyote mwenye faili mkononi. Uvumilivu wa mwili, yaani kiasi cha dawa unachoweza kuhimili, hushuka haraka. Akirudia heroini baada ya majuma machache kwa kiasi kilekile cha zamani, mtu anaweza kufa, na hufa akiwa na nia njema. Kama una mimba, kuacha ghafla kunaweza kumdhuru na mtoto aliye tumboni. Madaktari hupendekeza kuendelea na tiba hiyo. Pombe na vidonge vya usingizi vya jamii ya Valium navyo visikatwe peke yako nyumbani, kwa sababu arosto yake inaweza kuleta degedege. Nenda hospitali.

Nyumbani, dozi ifungwe kwenye kisanduku chenye kufuli. Kijiko kimoja cha methadoni kinaweza kumuua mtoto mdogo.

Nimeteleza jana. Niseme au ninyamaze?

Sema, kwanza kwa wakili, halafu kwa mahakama, kabla kipimo hakijasema kwa niaba yako.

Kurudia kutumia ni jambo la kawaida katika kupona, na majaji wa mahakama hizi wanalijua. Wanachokitazama ni kilichofuata. Ulimpigia nani? Mtoto alikuwa wapi? Ulirudi kwenye kikundi kesho yake? Jibu la mahakama linaweza kuwa matibabu ya karibu zaidi, vikao viwili kwa wiki badala ya kimoja, au kuhamia nyumba ya upataji nafuu, wanakoishi pamoja watu wanaojinasua na uraibu. Uongo ukigundulika ndio unaoharibu, kwa sababu kuanzia hapo kila neno lako linapimwa.

Watanipunguzia kumwona mwanangu kama adhabu?

Hawapaswi, na hapa sina subira na mtu yeyote. Viwango vya kitaifa vya mahakama hizi vilivyotolewa 2019 vinasema wazi kwamba muda wa mzazi na mtoto hautumiki kama zawadi wala adhabu. Kukutana kunaweza kupunguzwa au kusimamiwa kwa sababu moja tu, usalama wa mtoto. Kukosa kikundi Jumanne hakuwezi kuwa sababu ya mtoto wa miaka minne kukaa dirishani Jumamosi akimsubiri mama asiyekuja. Mtoto hakuvunja sharti lolote.

Ukikatiwa, wakili aulize kwa heshima, mbele ya jaji: "Ni hatari gani kwa mtoto inayozuiwa hapa?" Swali hilo lijibiwe na liandikwe.

Tukikutana, mwanangu ananificha uso. Nimeshampoteza?

Hapana. Baba mmoja alimkuta binti yake wa miaka mitatu chini ya meza ya chumba cha kukutania, mgongo umegeuka. Alikuwa na saa moja tu. Dakika ishirini za mwanzo alikaa sakafuni upande wa pili, akipanga vitalu vya mbao bila kumwita. Kisha mkono mdogo ukatoka chini ya meza ukachukua kitalu chekundu, ukarudi. Ndio uliokuwa mkutano wote wa siku ile. Mwangalizi aliandika: "Mzazi alimfuata mtoto kwa utulivu." Nadhani ile ni miongoni mwa sentensi nzuri nilizowahi kuona kwenye faili.

Mtoto naye ana kiwewe chake, na kutengana nawe ni sehemu yake. Anaweza kukukasirikia, kukumiminia mabusu, kukojoa kitandani usiku baada ya kukuona. Mlezi akidai kwamba kukojoa huko kunathibitisha mkutano unamdhuru, mwombe mshauri wa watoto atoe maoni. Mara nyingi maana yake ni kwamba kuaga kunamuuma. Omba tiba mnayohudhuria wawili pamoja, wewe na yeye. Ipo kwa watoto wadogo kabisa. Tangu sheria ya 2018, fedha za shirikisho zinaweza pia kulipia mtoto aliye kwenye malezi ya serikali akae na mzazi ndani ya kituo cha matibabu cha kulala, hadi miezi 12. Vituo vinavyopokea watoto ni vichache, kwa hiyo uliza mapema.

Na baba je?

Anahusika sawasawa. Tatizo ni kwamba mara nyingi hakuna anayemuuliza, na wanaume huonyesha kiwewe kwa ukali au kwa kutoweka, vyote viwili vikisomwa kama kutojali. Baba, kama hujapewa mpango wako wa huduma, uudai kwa maandishi.

Mimi ni bibi wa mtoto. Naweza kusaidiaje?

Jitokeze sasa. Serikali inatakiwa kuwatafuta ndugu mtoto anapoondolewa, lakini hutafuta kwa majina iliyopewa. Mtoto akiwa kwako, hata lile ombi la miezi 15 linaweza lisifunguliwe. Na usimwambie mtoto maneno mabaya juu ya mama yake, hata kama una hasira, nawe unayo haki ya kuwa nayo.

Kiingereza changu ni cha kubabaisha.

Mahakama zinazopokea fedha za shirikisho zinapaswa kukupa mkalimani bila malipo. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Raia ya 1964. Mkalimani asiwe mtoto wako, asiwe jirani, asiwe mtu wa ukoo. Kama anayeletwa mnafahamiana kanisani au msikitini, kataa. Habari zako zitakutangulia nyumbani. Omba pia mkalimani huyohuyo kwenye ushauri. Nimemsikia mkalimani mmoja akiita kiwewe "wazimu", na mzazi akatoka chumbani akiamini amepewa cheti cha kichaa.

Kwa waliokimbia vita, mweleze wakili jambo ambalo Wamarekani wengi hawalifikirii: kwamba ulikotoka, mtu mwenye sare akigonga mlango, hukufungua. Afisa aliyebisha mara tatu na kuandika "mama alijificha" anahitaji kulijua hilo.

Kweli zinasaidia, au ni maneno mazuri tu?

Tathmini za Marekani zimeonyesha wazazi kwenye mahakama hizi huanza matibabu mapema zaidi, hukaa kwenye matibabu muda mrefu zaidi na huungana na watoto wao kwa kiwango kikubwa kuliko familia za mahakama za kawaida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brunel, wakiongozwa na Judith Harwin, waliifuatilia ile ya London na kuona mwelekeo huohuo. Ni haki kusema kwamba wanaojiunga kwa hiari huenda tayari wana msukumo kuliko wengine. Na kuna mahakama zimebandika neno "kiwewe" mlangoni huku ndani askari bado anasimama nyuma ya kiti.

Nikimaliza, kesi inafungwa siku hiyohiyo?

Mara nyingi hapana. Mtoto anarudi kwanza kwa majaribio, usimamizi ukiendelea kwa miezi kadhaa. Wiki za kwanza za kurudi ndizo ngumu kuliko mzazi anavyotarajia: mtoto anakujaribu, usingizi unakatika, msaada nao unapungua. Kabla ya kuhitimu, dai mpango ulioandikwa: unaendelea na mshauri gani, unampigia nani saa nane usiku, nani anamchukua mtoto ukihisi unateleza.

Kikao changu cha kwanza ni wiki ijayo. Nifanye nini leo?

Mpigie wakili. Mwulize kama mahakama yenu ina programu hii na kama kesi yako inaweza kuhamishiwa humo. Mwambie kitu kimoja kinachokufanya upotee ukiwa ndani: mtu akiwa nyuma yako, sauti ikipandishwa, mlango ukifungwa. Kisa chenyewe si lazima. Fika nusu saa kabla, mwombe karani akuonyeshe chumba kikiwa kitupu, na uangalie utaketi wapi. Beba maji, orodha ya dawa zako na majina ya ndugu wanaoweza kumlea mtoto. Jina lako likiitwa na sauti ikagoma kutoka, sema haya tu, yanatosha kwa siku ya kwanza: "Mheshimiwa, naomba dakika moja."